MBOLEA YA BEI NAFUU NA JINA LILILO DAFTARINI

Hapa kwetu Trans Nzoia mahindi ndiyo mazungumzo ya watu sokoni, kanisani na hata matangani, na kila mwaka ifikapo Februari, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika juu ya Mlima Elgon, mazungumzo hayo hugeuka yakawa ya mbolea. Barua nilizozipata juu ya jambo hili ni tatu. Mkulima mmoja wa Kwanza (nasema Kwanza mahali, si kwanza ya hesabu) aniuliza hivi: "Karani, tumeambiwa Serikali hutoa fedha kwa ajili ya mbolea yetu. Mbona mimi sijaona hata senti moja?" Mwingine, wa upande wa Cherangany, asema jirani yake alipata mifuko mingi hata akakodi trekta kuibeba, naye akapata miwili tu, ataka kujua kama hiyo ndiyo haki. Barua nyingine haina jina. Ni mistari miwili katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule: "Mume wangu alifariki. Shamba nalima mimi. Je, mimi ni mkulima?"

Barua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, lakini siwezi kuijibu kabla sijazijibu zile nyingine.

Nianze na yule wa Kwanza, kwa maana kosa lake ni la wengi. Neno ruzuku huwafanya watu kufikiri juu ya noti zinazohesabiwa mezani na kutiwa mkononi. Kwetu sivyo. Ruzuku ya mbolea ni kupunguziwa bei: Serikali hulipa sehemu, na mkulima hulipa sehemu iliyobaki. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba mifuko milioni 1.4 ya kilo 50 itauzwa kwa shilingi 3,500 kila mmoja, nayo bei ya madukani wakati ule ilikuwa shilingi 6,500. Mwaka huo vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea duniani kote, na wakulima wengi wa huku walikuwa wamepanda kwa samadi peke yake au kwa matumaini. Agosti 2023 bei ya mbolea hiyo ikashushwa tena hadi shilingi 2,500.

Basi na tupige hesabu kwa bei zile za 2022. Katika kila mfuko mlikuwa na msaada wa shilingi 3,000. Ekari moja ya mahindi, kwa desturi ya huku, hutiwa mfuko mmoja wa kupandia na mfuko mmoja wa kukuzia. Hivyo msaada wa ekari moja ulikuwa shilingi 6,000. Lakini ili upate msaada huo wa shilingi 6,000, ilikupasa kwanza utoe shilingi 7,000 zako mwenyewe, na juu yake nauli yako ya kwenda ghalani, na ya mifuko kurudi nyumbani. Asiye na shilingi 7,000 wakati wa kupanda, ambapo karo ya shule imekwisha kuikomba akiba yote, hakupata zile 6,000. Serikali haikumnyima. Hakufika mezani tu. Ndugu yangu wa Kwanza, fedha zako hazikuibwa njiani, bali zilikuwa zinakungoja ndani ya mfuko ambao hukuweza kuununua. Najua jibu hili halishibishi.

Hesabu hiyo hiyo yamjibu na yule wa Cherangany. Msaada huhesabiwa kwa ekari. Mwenye ekari 2 aliponunua mifuko yake 4, alisaidiwa shilingi 12,000. Mwenye ekari 50 aliponunua mifuko 100, alisaidiwa shilingi 300,000. Hapo hapana aliyedanganya wala aliyehonga, ni kanuni yenyewe inavyofanya kazi. Wako wasemao kwamba hivyo ndivyo ifaavyo, maana mwenye ekari 50 ndiye aujazaye mji wa Nairobi unga, na mwenye ekari 2 hula mahindi yake karibu yote. Hoja hiyo ina nguvu, siidharau. Ila huyo mwenye ekari 50 ana benki, ana trekta, ana duka la mbolea linalomwamini kwa mkopo, na angepanda hata bila mkono wa Serikali. Mwenye ekari 2 akikosa mbolea, ifikapo Mei hununua unga dukani kwa bei aliyopangiwa na wengine. Lau ningeulizwa mimi, ningesema mifuko ya kwanza iwekewe ekari chache za kwanza za kila mtu, na inayobaki ndiyo igawiwe wakubwa. Lakini makarani hatuulizwi.

Wazee wa Trans Nzoia hawatashangazwa na kanuni ya ekari. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao. Wazungu wenye mashamba katika nyanda hizi walipewa fedha za kuvunja ardhi mpya, wakaahidiwa bei ya mazao yao kabla hawajapanda, na tena wakadhaminiwa kipato cha chini kwa kila ekari, yaani jua likikausha mahindi au nzige wakiyala, mwenye shamba hulipwa kwa hesabu ya ekari alizopanda kwa idhini. Waafrika waliokuwa wakiishi katika mashamba hayo kama maskwota, wakilima vijipande walivyoruhusiwa, hawakuwa na ekari zao mahali popote palipoandikwa. Na Mwafrika aliyeuza mahindi yake wakati huo alilipwa bei ya chini kuliko aliyolipwa Mzungu kwa mahindi yale yale. Baada ya Uhuru wa 1963 ule mpango wa dhamana ya ekari haukufutwa mara moja. Uliendelea kwa wenye mashamba makubwa, na sasa Waafrika walionunua mashamba hayo wakiwa miongoni mwao, hata miaka ya 1970 ikaribie kwisha. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mpagazi wa magunia katika stesheni ya reli ya Kitale, alikuwa akisema kuwa serikali zote mbili alizozijua zilipenda kuhesabu ekari kuliko midomo.

Si kwamba haikupata kujaribiwa njia nyingine. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa vocha kwa wakulima wadogo. Aliyechaguliwa alipewa karatasi, akaipeleka kwa mwenye duka la pembejeo wa karibu, naye akapewa mbolea kilo 100 na mbegu ya mahindi kilo 10, vitu vya kutosha ekari moja. Mwenye ekari moja na mwenye ekari mbili walitoka dukani na mzigo ule ule. Upungufu wake ni kuwa haukuwafikia wahitaji wote, na waliochagua nani apate na nani akose walikuwa binadamu, wana shemeji na binamu kama sisi. Mwaka uliofuata, 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi kuvuruga mashamba ya Bonde la Ufa na bei ya mbolea duniani kupanda, Serikali ikaanza pia kuuza mbolea ya bei nafuu katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Watafiti waliofuatilia njia hizo mbili waliona kwamba vocha iliwafikia zaidi maskini, na mbolea ya ghalani ikawafikia zaidi wenye uwezo. Jambo hilo mtu angeweza kuliona bila utafiti, kwa kuyatazama tu magari yaliyopanga foleni langoni.

Sasa nije kwa mama asiyetia jina.

Mwanzoni mwa 2023 Serikali iliamua kwamba mbolea isiuzwe tena kwa kila ajaye ghalani, kwa sababu wachuuzi walikuwa wakinunua kwa bei nafuu na kuuza kwa bei ya duka. Wakulima wote wakaitwa waandikishwe kupitia kwa machifu na manaibu wao. Mkulima alitoa kitambulisho chake (wazee bado hukiita kipande), nambari ya simu, mahali alimapo, mimea apandayo, na ekari zake. Msimu ukifika, ujumbe huingia katika simu ukisema ni mifuko mingapi amepangiwa na ghala lipi akaichukulie, naye hulipa kwa simu hiyo hiyo. Ni mpango wenye akili. Umewapunguza wachuuzi, na mtu hahitaji tena kulala nje ya ghala siku mbili akilinda nafasi yake kwa jiwe. Lakini angalieni: tangu hapo mbolea haiendi kwa mkulima, huenda kwa jina na nambari ya simu. Jina likiwa si la yule alimaye, mbolea nayo hupotea njia.

Nami nilikuwa miongoni mwa walioandika majina.

Nilitumwa kusaidia katika kata ndogo moja, nisiyotaka kuitaja. Tulikaa kwenye meza chini ya mkaratusi, watu wakapanga mstari hadi barabarani. Akaja mzee mmoja mwenye kofia, kitambulisho mkononi, simu shingoni kwa kamba. Nikamwuliza, "Mzee, ekari ngapi?" Akanijibu, "Nane." Nikaandika nane. Katika shule ya misheni niliyosoma alikuwako mwalimu wa hesabu za biashara, mtawa mkali, ambaye alifuta kwa wino mwekundu kila tarakimu iliyoandikwa bila risiti. Siku ile sikumkumbuka. Nyuma ya mzee yule walikuwa bado watu zaidi ya mia moja, na jua lilikuwa kali.

Mzee hakusema uongo kamili. Shamba la jamaa yao ni ekari 8. Baba yake alilipata katika miaka ya 1970 kwa kununua hisa katika kampuni ya kununulia ardhi, kama walivyofanya maelfu ya watu huku, wakati mashamba makubwa ya Wazungu yalipogawanywa. Hisa zikawa ekari, ekari zikawa miji ya watoto, lakini hati ikabaki na jina la baba, naye baba yuko kaburini. Trans Nzoia imejaa mashamba ya namna hiyo. Katika ekari 8 hizo, 2 zilizo karibu na mto zilikuwa za mdogo wake mzee. Mdogo huyo alifariki, akaacha mke na watoto wanne. Mke ndiye alimaye. Siku ya kuandikishwa hakuwapo kwenye mstari. Alikuwa amempeleka mtoto zahanati, na alipomtuma kijana kuuliza, akaambiwa kuwa shamba la mji wao limekwisha kuandikwa.

Mvua ilipokaribia, ujumbe uliingia katika simu ya mzee: mifuko 16. Alilipia 10, maana fedha zake ziliishia hapo. Mingine akapanda, mingine ikaonekana katika duka la kituoni. Mjane akaenda kwake, akasema kwa adabu, "Shemeji, mbolea yangu iko wapi?" Naye akamjibu, "Jina lako liko wapi?"

Basi mama huyo akanunua mbolea kwa gorogoro, kidogo kidogo, kama anunuavyo mtu chumvi. Katika ekari zile 2, ambazo mwaka wa mbolea ya kutosha zilimpa zaidi ya magunia 30, akavuna 17.

Mwezi wa Novemba alikuja ofisini kwetu akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Hakupiga kelele. Akaomba kuoneshwa mahali shamba lake lilipoandikwa. Nikatoa karatasi za awali, nikapekua, na tulipoufikia mji wao nikauona mwandiko wangu mwenyewe, ile 8 yangu yenye mkia ambayo wenzangu huicheka.

"Mwanangu, ni wewe uliyeandika?"

"Ndiyo, mama, ni mimi."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa niulize."

Kurekebisha tarakimu moja kulituchukua miezi mitatu, na nataka msomaji ajue kwa nini, maana huenda naye yatampata. Kwa Katiba ya 2010, kazi ya kilimo ilihamia kwenye kaunti, nazo serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo Bwana Shamba, aijuaye ardhi na mimea, ni mtu wa kaunti. Chifu, aliyesimamia uandikishaji, ni mtu wa Serikali ya Taifa. Mbolea yenyewe ni mpango wa Serikali ya Taifa, na ghala ni la Bodi. Mkulima mwenye malalamiko huambiwa na mmoja aende kwa wa pili, wa pili amtume kwa wa tatu, na wa tatu amwulize kama amekwisha kumwona wa kwanza. Hakuna kati yao anayemkataa, na ndiyo sababu hajui amlaumu nani. Mama huyu alitembea safari sita. Katika safari ya nne aligundua tena kuwa laini ya simu aliyokuwa akiitumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu mumewe, hivyo hata ujumbe ungekuja ungemtafuta mtu asiyekuwapo. Akasajili laini mpya.

Lililokuwa gumu zaidi ni shemeji. Ili mjane apate 2, ilibidi 8 ya mzee iwe 6. Akakataa kabisa, akisema kwamba mwanamke akiandikwa leo katika mbolea, kesho ataandikwa katika hati. Twende polepole hapa, kwa kuwa hofu hiyo nimeisikia kwa wazee wengi, nao si watu wabaya. Daftari la mbolea si hati ya ardhi. Halimpi mtu shamba wala halimnyang'anyi; hueleza tu nani analima nini msimu huu. Mwenye kukodi shamba hulima bila kulimiliki, na hakuna anayeona ajabu. Niliyaeleza hayo yote mbele ya mzee wa kijiji na majirani, kwa maneno mazuri ya ofisini, wala hayakusaidia kitu. Kilichosaidia ni swali la mzee wa kijiji, aliyekuwa amekaa kimya muda wote akichonga kijiti. Aliuliza, "Kile kipande cha karibu na mto, mwaka jana alikipalilia nani?" Shemeji akatazama chini. Majirani wote walikuwapo, na wote walijua. Mwishowe akasema, "Ni yeye." Tukachukua kamba, tukapima.

Mwezi wa Machi 2024 simu ya mama ikalia: mifuko 4, shilingi 2,500 kila mmoja. Aliuza kuku, akakopa kidogo katika chama chao cha wanawake, akachukua miwili ya kupandia. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopandishwa cheo, ambayo hata hivyo haikuwa kubwa.

Na hapo hapo likazuka lile jambo ambalo nyote mnalikumbuka. Mwezi huo wa Machi waandishi wa habari walifichua kwamba mifuko mingine iliyouzwa katika mpango wa ruzuku haikuwa na mbolea ya kiwango kinachotakiwa. Mwanzoni wakubwa walikana, baadaye Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Tarehe 2 Mei 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Bwana Mithika Linturi, na kamati ya wabunge iliyochunguza ikasema baadaye mwezi huo kwamba mashtaka dhidi yake hayakuthibitika. Huko Nairobi jambo hilo lilikuwa la siasa. Kwetu lilikuwa la mashimo ya kupandia, maana mvua hainyeshi mara mbili ili kumngoja aliyetiliwa vumbi.

Mama alikuja na kiganja kilichojaa chembe za mbolea yake katika kipande cha gazeti. "Mwanangu, hii ni mbolea au ni mchanga?"

Nilizitazama, nikazisugua kwa kidole, nikazinusa kama mtu ajuaye. Ukweli ni kwamba sikujua, wala hakuna ajuaye kwa kutazama. Kazi hiyo ni ya maabara. Na mwenye mifuko miwili hawezi kungoja majibu ya maabara wakati jirani zake wanapanda. Nikamwambia hivyo. Akaifunga karatasi yake, akaenda.

Mwishoni mwa Mei nilipita njia ya mto nikamkuta shambani akipalilia. Mahindi yalikuwa yamepita magoti, ya kijani iliyoiva, isipokuwa mistari minne upande wa ua, iliyokuwa mifupi na majani yake yana ukingo wa zambarau. Nikadhani ni ugonjwa. Akacheka. Alikuwa ameiacha mistari ile minne bila mbolea kwa makusudi, ili shamba lenyewe limwambie kama alinunua mbolea au mchanga. Bwana Shamba niliyekuwa naye alisema kuwa rangi ile ni dalili ya mmea kukosa fosforasi, ambayo ndiyo mbolea ya kupandia huleta, na kwamba hajaona jaribio safi kuliko hilo mwaka huo. (Aliongeza kwamba udongo wa sehemu nyingi za huku umekuwa mchachu kwa miaka mingi ya mbolea ya aina moja, na kwamba wengi wetu tungefaidika kwa chokaa ya shamba kabla ya mfuko mwingine. Hilo nitaliandika siku nyingine, kwa maana lastahili nafasi yake.)

Kwa hiyo, mama uliyeniandikia bila jina, jibu langu ni kwamba wewe ni mkulima, lakini daftari halilijui hilo mpaka uliambie. Nenda na kitambulisho chako, si cha marehemu, na simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Nenda na jirani wawili wanaokuona ukilima. Usikubali kuambiwa kwamba mji wenu umekwisha kuandikwa; uliza ni nani aliyeandikwa, na kwa ekari ngapi. Ukitumwa kwingine, omba jina la yule unayetumwa kwake, uliandike. Ninyi waume mnaofanya kazi mijini, ambao majina yenu yako daftarini na majembe yako mikononi mwa wake zenu, ujumbe huingia katika simu zenu huko Nairobi au Nakuru, na siku za kupanda ni chache. Na ninyi makarani wenzangu mtakaokaa tena kwenye meza chini ya miti, mtu akisema nane, mwulizeni nane hizo hulimwa na nani. Mstari utakuwa mrefu, najua.

Wiki iliyopita mama yule alikuja tena ofisini. Nilidhani ameleta habari njema, nikamvutia kiti. Kumbe nusu ekari katika zile 2 amemkodisha kijana mmoja kwa miaka miwili, ili apate karo ya mtoto wake wa kidato cha kwanza. Kijana naye ataka mbolea ya nusu ekari ije katika simu yake, kwa sababu yeye ndiye alimaye. Mama hajakataa, ila auliza: miaka miwili ikiisha, nusu ekari hiyo itarudi vipi kwenye jina lake, na ni safari ngapi? Shemeji amekwisha kusikia, naye yuangoja kuona tutakavyofanya. Karatasi iko mezani kwangu. Kesho twaenda na kamba.